Msiwafungie wanafunzi dirisha la Python

Mtoto wa dada yangu amekuja likizo Wete na daftari la Python, lugha ya kuandikia programu za kompyuta. Kurasa kwa kurasa za programu zilizoandikwa kwa kalamu, mabano yamefungwa vizuri, nafasi za mwanzo wa mstari zimepimwa kwa rula, na pembeni alama za vema za mwalimu kwa wino mwekundu. Nikamuuliza, "Na hizi umeziendesha?" Akanijibu, "Hata, mjomba. Zamu ya kompyuta fupi." Wakiipata hiyo zamu huambiwa waandike programu nzima kwenye faili ndipo waiendeshe. Lile dirisha jeusi la Python, lenye mishale mitatu inayokungoja uandike, wamekatazwa kulifungua. Wameambiwa ni la kuchezea.

Hilo la kuchezea limenikera na bado linanikera. Mimi nafanya kazi ya data, na dirisha hilo liko wazi mbele yangu tangu asubuhi mpaka jioni. Ndimo ninamofikiria. Faili huja baadaye, nikishajua ninachokitaka.

Basi nikamfungulia. Nikamwambia tuchukue jambo la kwetu, sensa. Mwaka 2012 Zanzibar tulikuwa watu 1,303,569, na mwaka 2022 tukafika 1,889,773. Akaiandika namba ya pili kama ilivyochapwa, na koma zake, akabonyeza Enter. Python ikamrudishia hivi:

(1, 889, 773)

Akaitazama, kisha akasema, "Mjomba, imeikata vipande vitatu."

Ndiyo, imeikata. Kwa Python koma hutenganisha kitu na kitu, kwa hivyo imepokea namba tatu badala ya moja. Sikumweleza mimi, kaliona mwenyewe kwa mstari mmoja. Sasa fikiria angeliandika vile vile katikati ya faili la mistari arubaini. Pale pasingetokea kitu. Mashine ingezipokea zile namba tatu kimya kimya na kuendelea na safari, na kilio kingesikika mistari ishirini mbele, pale anapogawanya, kwa ujumbe unaotaja "tuple", yaani fungu la vitu vilivyotenganishwa kwa koma, kitu ambacho darasani kwao hakijafikiwa. Angekaa anauchunguza mstari wa kugawanya, ambao hauna kosa lolote, mpaka zamu yake iishe. Halafu angerudi bwenini akiamini kwamba programu si kazi ya watu kama yeye. Vijana wangapi tumewapoteza namna hii, na akili zao ni nzuri kabisa?

Tukaondoa koma. Akaandika 1889773 / 1303569, ikatoka 1.4496 na tarakimu nyingi nyuma yake. Nikamwonesha kwamba mstari wa chini, ule _ peke yake, hushika jibu la mwisho, kwa hivyo hana haja ya kulinakili. Akaandika _ ** (1/10) - 1 (nyota mbili ni alama ya kipeo, na miaka ni kumi), ikatoka 0.0378. Yaani tumekuwa tukiongezeka kwa karibu asilimia 3.8 kila mwaka. Nikanyamaza nimwone atafanya nini. Akaandika 1889773 * 1.0378 ** 10, bila ya mtu kumwambia, akaona kwamba tukenda kwa mwendo huo, mwaka 2032 tutapindukia milioni 2.7. Akageuka, "Na skuli zitatosha?"

Hapo ndipo ninapotaka walimu wafike. Mtoto aliyeuliza kama skuli zitatosha ameshaanza kazi ya programu, na alifika pale kwa sababu kila alipouliza alijibiwa papo hapo, na kila jibu likamsukuma kwenye swali jengine. Anayeandika mistari arubaini kabla ya kuona hata jibu moja amebeba dhana arubaini zilizopandana, na ya tatu ikiwa mbovu, zote za juu yake zimekwenda. Fundi wa majahazi huuweka ubao kwenye mbavu, akauangalia, akauchonga tena, ndipo akapiga msumari. Kwa nini kijana wa kompyuta tumwambie apigilie mbao zote kwanza ndipo aangalie kama chombo kinavuja?

Na hao wanaosema la kuchezea hawajui limetoka wapi. Lugha ya programu ya Lisp, ya John McCarthy, iliyoanza mwaka 1958, ndiyo iliyoizoesha dunia mtindo huu wa kuandika, kujibiwa, na kuandika tena. Mwaka 2001 Fernando Pérez, alipokuwa mwanafunzi wa fizikia huko Colorado, Marekani, alianza kuitengeneza IPython, dirisha la Python lililoongezwa uwezo, kwa sababu dirisha la kawaida halikumtosha kwa kazi zake za kisayansi. Kutokana na hiyo, mwaka 2014, ikazaliwa Jupyter, daftari la kompyuta linalochanganya programu, majibu na maelezo, ambayo leo wanasayansi wa dunia nzima wanaifanyia kazi. Na Python 3.13, iliyotoka Oktoba 2024, imekuja na dirisha jipya kabisa, lenye rangi na uwezo wa kurudi kuhariri mistari mingi kwa pamoja.

Liko jambo jengine linalotuhusu khasa sisi wa visiwani, nalo ni bando. Vijana wetu wameshazoea kwamba ukikwama unakwenda kuuliza mtandaoni, na bando likiisha, kazi imekwisha. Kumbe maelezo wanayo ndani ya mashine yao. Andika help(str.split), ile amri ya kulikata andiko vipande, na Python itakueleza kazi yake bila ya senti ya intaneti. Andika dir("karafuu") uone yote yanayoweza kufanywa na neno hilo. Kwenye IPython ni rahisi zaidi: weka alama ya kuulizia mwishoni mwa jina, yaani str.split?, maelezo yanakuja. Weka mbili na mara nyingi utaoneshwa programu yenyewe ilivyoandikwa, ukasoma mkono wa waliokutangulia. Andika nukta baada ya jina, bonyeza Tab, na orodha inashuka mbele yako. Nimewaona watu wazima, wenye vyeti, wakinunua bando la siku kwa jibu lililokuwa umbali wa kitufe kimoja. Hawana makosa wao. Hawakuoneshwa.

Umeme nao. Waliokuwepo Unguja tangu Desemba 2009 hadi Machi 2010 hawahitaji kuhadithiwa maana ya kukaa bila ya umeme. Watu huniambia, dirisha hilo likizimika umepoteza kila kitu. Si kweli. Thamani zilizokuwa kwenye kumbukumbu zinakwenda, hilo kweli, lakini mistari yote uliyoandika IPython huihifadhi kwenye diski. Washa tena, andika %history ~1/ (amri zenye % ni za IPython), na kazi ya kikao kilichopita inajipanga mbele yako. Unakumbuka neno tu? %history -g sensa inakutafutia katika vikao vyote vya nyuma. Ukiipenda mistari kumi na mbili ya mwanzo ya kikao ulichomo, %save sensa.py 1-12 inakufanyia faili. Yule aliyekuwa akiandika faili refu bila ya kulihifadhi, umeme ukikatika, yeye ndiye anayebaki mikono mitupu.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba dirisha hili linaweza kukudanganya. Umeandika jina la kitu asubuhi, mchana umelifuta kwenye faili, lakini dirishani bado lipo hai, na programu yako inaendelea kulitegemea bila ya wewe kujua. Ukimpelekea mwenzako, kwake haifanyi kazi. Dawa yake ni ndogo: kabla ya kumpa mtu kazi, funga dirisha, fungua jipya, andika %run sensa.py, uone kama faili linasimama kwa miguu yake. Na wako wanaoishi dirishani mwaka mzima bila ya kuwa na faili hata moja la kumwonesha mtu. Hao nao siwatetei.

Mimi huweka faili upande mmoja na dirisha upande wa pili. Mstari nikiujaribu ukanipendeza, unahamia kwenye faili. Faili likianguka katikati, naandika %debug tu, na naingizwa pale pale lilipoangukia, vitu vyote vikiwa na thamani zake za wakati ule, nikaviuliza kimoja kimoja: wewe ulikuwa ngapi, na wewe ulifikaje hapa kuwa tupu? Kosa linaacha kuwa hukumu, linakuwa mahali pa kwenda kuangalia. Kama ningepewa nafasi ya kumfundisha kila kijana wa Unguja na Pemba kitu kimoja tu cha kompyuta, ningemfundisha hicho.

Kwa hiyo walimu wangu, nakuombeni kwa heshima zote, muhula ujao zamu ya kwanza isiwe ya faili. Waacheni waandike int("1,889,773"), amri ya kugeuza maandishi kuwa namba, wapate kosa, walisome neno kwa neno, kisha waziondoe zile koma kwa replace, amri ya kubadilisha herufi, na kuona namba ikikubali. Najua kompyuta ni chache, na hilo silidharau, lakini kwa kazi hii moja inawatosha watatu. Mmoja anaandika, wa pili anatabiri jibu kwa sauti kabla ya Enter kubonyezwa, wa tatu anatoa swali linalofuata, kisha wanapokezana.