Usingizi Hausikii Amri ya Mwenye Nyumba

Mimi ni mchuuzi wa dagaa, mkazi wa Ujiji, tena mwenye nyumba kwa maana zote zinazotambuliwa na serikali ya mtaa, na katika nyumba hiyo nikisema taa izimwe huzimwa, nikisema mlango ufungwe hufungwa. Mkono wangu nikiuamuru uinuke huinuka, na ulimi, ingawa mke wangu ana maoni tofauti, hunyamaza ninapotaka. Usingizi, ambao ninauhitaji kuliko huo mkono na huo ulimi, haujawahi kuja kwa sababu nimeuita. Nimepewa mamlaka ya kufumba macho tu. Yanayofuata huamuliwa na ngazi za juu ambazo sikushirikishwa katika kuziteua.

Mitumbwi ya dagaa huingia ziwani jioni, huvua kwa taa usiku kucha, na hurudi mwaloni Kibirizi alfajiri, na mchuuzi anayefika pale jua likiwa limeshapanda hukuta mabaki na kejeli. Inanibidi basi niamke saa kumi usiku, na kwa hesabu ya kawaida ya kujumlisha na kutoa, anayetaka kulala muda wa saa nane kabla ya hapo hana budi awe ameshalala saa mbili. Hesabu hiyo ni sahihi kabisa, na hakuna anayeipinga isipokuwa mwili wangu.

Wajuzi wanaeleza kwamba ndani ya ubongo, juu kidogo ya mahali neva za macho mawili zinapokutana, kuna kundi dogo la seli linaloendesha saa ya mwili kwa kufuata mwanga unaoingia machoni, na kwamba giza likitanda, saa hiyo huiruhusu tezi ya pineali itoe melatonini, inayoutangazia mwili kuwa usiku umefika. Hadi hapo sina ugomvi. Ninachogombana nacho ni kwamba katika saa mbili au tatu zinazotangulia muda aliouzoea mtu kulala, saa hiyohiyo humweka macho kwa nguvu ya kushangaza, kiasi kwamba aliyezoea kulala saa tano usiku akijilaza saa mbili huwa amechagua kipindi kigumu kuliko vyote. Ningeweza kuizoesha polepole, lakini kila mbalamwezi inapofika taa za wavuvi hukosa kazi, mitumbwi hupumzika, nami hurudi barazani kukesha na wenzangu, hivyo mazoezi yote huanza upya.

Na hapa naomba niwasilishe lalamiko ambalo mtu wa Dar es Salaam hawezi kulielewa. Saa za ukutani za nchi nzima zimepangwa kwa mstari wa longitudo wa nyuzi 45 mashariki, mstari ambao haugusi hata kipande kimoja cha Tanzania, bali hupita Somalia na Madagaska huko, watu ambao sijawahi kuwauzia dagaa. Sisi wa Kigoma tuko karibu na nyuzi 30, na kila nyuzi moja ni dakika nne za jua. Matokeo yake ni kwamba jua hutufikia takriban dakika 40 baada ya kufika Dar es Salaam, na utosini hutusimamia karibu na saa saba mchana. Kwa hiyo saa ya ukutani inapotangaza saa mbili usiku, jua la Ujiji, ambalo ndilo saa ya mwili wangu inalolitambua, linasema ni saa moja tu, tena magharibi bado ina wekundu upande wa Kongo. Redio inaniambia nilale, ziwa linaniambia ningoje.

Kuna na suala la kahawa. Kadiri mtu anavyokaa macho, ndivyo adenosini inavyojikusanya katika ubongo wake na kumletea uzito wa usingizi, lakini kafeini hutangulia kukaa katika nafasi za adenosini kama abiria asiye na tiketi aliyejibanza kwenye kiti cha mwenzake ndani ya treni ya kati. Nusu ya kafeini iliyoingia jioni inaweza kuwa bado imo mwilini saa tano baadaye. Ninalijua hilo vizuri, lakini kijiwe chetu kinapika kahawa ya Kalinzi, na sijaona mtu mwenye adabu anayekaa kijiweni akaagiza maji.

Wakati huohuo Mama Hamisi, aliye kando yangu, hulala akiwa katikati ya sentensi, tena sentensi yenyewe ya kunilaumu, na kesho yake huiendeleza palepale alipoiachia. Mimi hubaki nikijihimiza, na kujihimiza kwenyewe ndiko kunakoufanya moyo uende mbio na ubongo uwe macho. Halafu inapofika saa nane mchana, pale kwenye meza yangu sokoni, mteja akiwa ameshika pishi na mimi nikiwa nimeshika fedha, usingizi ambao haukualikwa huja na mizigo yake yote. Jirani hulaumu ugali na migebuka ya mawese, ingawa mteremko huo wa mchana huwapata hata wasiokula.

Sikatai kwamba wakubwa kuliko mimi wameshindwa. Mwaka 1938 Nathaniel Kleitman, profesa wa Chicago, aliingia na mwanafunzi wake katika pango la Mammoth huko Kentucky, mahali pasipofika jua, wakakaa siku 32 wakijilazimisha kuishi kwa siku ya saa 28. Mwili wa mwanafunzi ulikubali. Mwili wa profesa ulikataa katakata na kubaki na saa zake 24, na katika kisa hicho chote mimi niko upande wa profesa.

Nikamlalamikia shemeji yangu, ambaye husoma sana na hulala vizuri. Akanijibu, "Shemeji, acha kuutafuta. Lala kitandani, halafu jiamuru usilale." Akaongeza kwamba Viktor Frankl, daktari wa Vienna, aliwapa wagonjwa wake shauri la namna hiyo, kwa kuwa anayejitahidi kukaa macho huacha kuuhangaikia usingizi, na usingizi usiohangaikiwa huja wenyewe. Niliona lina mantiki. Usiku ule nilijilaza saa mbili kamili, nikajiamuru kwa sauti, mbele ya Mama Hamisi kama shahidi, kwamba nisilale.

Baada ya miaka yote ya ukaidi, hiyo ndiyo amri ambayo mwili wangu uliamua kuitii, na ukaitii hadi saa kumi.