Mwajiri Mdogo Tayari ni Kampuni ya Bima, Ila Haijasajiliwa

Katika hesabu za biashara ndogo ninazozihudumia hapa Nairobi, safu ninayoisoma kwanza ni ile ya advansi, yaani fedha anazochukua mfanyakazi kabla ya mshahara, maana hapo ndipo afya ya wafanyakazi inapoonekana. Karakana moja ya milango na madirisha ya vyuma huko Kariobangi Light Industries, yenye mafundi wanane, ina daftari ambalo ukurasa wake wa mwezi mmoja umeandikwa karo ya shule, ukaandikwa kodi ya nyumba, kisha mistari mitatu ya penseli kwa mkono wa mwenye karakana: dawa, 1,200, hosp. mtoto, 4,500, hosp. mke, dipositi, 15,000. Miwili ya kwanza ilikatwa kwenye mishahara. Wa tatu ulikatwa kidogo kidogo, halafu ukapigwa mstari na kutiwa sahihi pembeni. Nilipouliza salio lake limekwenda wapi, nilijibiwa, "Hiyo tuliiacha."

Mstari huo uliofutwa ni bima ya afya. Haina kadi wala masharti yaliyoandikwa, na anayeitoa hana akiba aliyoitenga kwa ajili yake, lakini mtu mmoja ameugua na mwingine amebeba gharama, na bima ni hiyo. Ndiyo maana siwezi kukubaliana na madai, yanayorudiwa kila mara suala hili linapozuka, kwamba waajiri wadogo hawawakatii watu wao bima kwa sababu ya ubahili. Wabahili wapo, na baadhi yao ni wateja wangu. Walio wengi, hata hivyo, hulipia maradhi ya wafanyakazi wao mwaka baada ya mwaka. Wanayalipia kwa kuchelewa na kwa gharama kubwa kuliko inavyostahili, kwa kuwa soko la bima na sheria ya kodi vimeundwa kwa kumfikiria mwajiri wa aina nyingine kabisa.

Sheria tayari inamdai mengi. Kifungu cha 34 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinamtaka mwajiri ahakikishe kwamba mfanyakazi anayeugua anapata dawa zinazofaa na, ugonjwa ukiwa mzito, anaonwa na tabibu inapowezekana. Kifungu cha 30 kinampa mfanyakazi aliyetimiza miezi miwili kazini angalau siku saba za ugonjwa kwa mshahara kamili na nyingine saba kwa nusu mshahara katika kila miezi kumi na miwili. Ajali za kazini zina sheria yake na bima yake ya pekee. Kisha kuna makato. Karakana ya watu wanane ambao kila mmoja hulipwa shilingi 25,000 ina mishahara ya shilingi 200,000 kwa mwezi, na juu ya hizo mwenyewe anaongeza kutoka mfukoni asilimia 6 ya NSSF, mfuko wa akiba ya uzeeni, ambayo ni 12,000, asilimia 1.5 ya ushuru wa nyumba, ambayo ni 3,000, na shilingi 50 za NITA, mamlaka ya mafunzo ya viwandani, kwa kila kichwa, ambazo ni 400. Hizo ni shilingi 15,400 kila mwezi kabla hajafikiria kidonge hata kimoja.

Mchango wa afya wenyewe haumgusi mwajiri moja kwa moja. Tangu Oktoba 2024, Mamlaka ya Afya ya Jamii, yaani SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF, mfuko wa zamani wa bima ya hospitali, chini ya Sheria ya Bima ya Afya ya Jamii ya 2023, hutoza asilimia 2.75 ya mshahara ghafi bila kushuka chini ya shilingi 300, na mchango huo hukatwa kwa mfanyakazi peke yake; kazi ya mwajiri ni kuukata na kuuwasilisha kufikia tarehe 9 ya mwezi unaofuata. Fundi wa 25,000 hulipa 687.50 mahali ambapo NHIF ilikuwa ikimkata 850, ilhali anayelipwa 100,000, ambaye zamani alikatwa 1,700, sasa hukatwa 2,750. Kwa hiyo, katika karakana nyingi ninazozijua, makato haya yamepungua, jambo ambalo halisemwi sana, labda kwa sababu wenye nafasi ya kuandika magazetini ni wale ambao yao yamepanda.

Je, SHA haijalimaliza tatizo? Ukisoma sheria utadhani imelimaliza: huduma za msingi katika zahanati na vituo vya afya zimewekewa mfuko wake, hospitali za ngazi ya 4 hadi ya 6 zina mfuko mwingine, na magonjwa sugu na dharura zina wa tatu. Ugumu uko kwenye kulipana. Hospitali ambayo madai yake hayajalipwa huanza kuomba fedha taslimu, na Februari 2025 chama cha hospitali binafsi za mijini na vijijini, RUPHA, kilifikia hatua ya kutangaza kusitishwa kwa huduma kwa sababu ya madeni. Mfanyakazi aliyekatwa mchango wake bila kukosa hufika kwenye dirisha la mapokezi akaambiwa mtandao haushiki, au kwamba huduma anayoitaka hailipiwi pale, au kwamba aache dipositi kwanza. Wakati huo kuna mtu mmoja tu wa kupigiwa simu, na simu hiyo haipigwi Afya House, makao ya Wizara ya Afya. Inapigwa kwa mwenye karakana.

Basi na anunue bima ya kampuni binafsi, husema mawakala wa bima, nao si waongo wanapoeleza faida zake. Anayeijaza ile fomu, pamoja na tarehe za kuzaliwa za mke na watoto wa kila fundi, hugundua mambo mawili. La kwanza ni kwamba bei nzuri ya kikundi imewekewa idadi ya chini ya watu, ambayo hutofautiana kutoka kampuni moja hadi nyingine, na asiyeifikia hupimwa kama mtu binafsi: umri wa kila mmoja huongeza bei, magonjwa aliyokuwa nayo tangu hapo huwekwa kando kwa muda au kwa jumla, na gharama za uzazi husubiri miezi mingi kabla ya kuanza kulipwa. La pili ni kwamba bei ya mwaka wa kwanza haimwambii chochote kuhusu mwaka wa pili.

Hapa ni haki kuitetea kampuni ya bima kidogo. Katika kikundi cha watu 500, mgonjwa mmoja wa figo humezwa na michango ya wengine. Katika kikundi cha wanane, mgonjwa huyohuyo hula michango yote na kubaki na deni. Isitoshe, kampuni inajua, kwa uzoefu wake wa miaka, kwamba mwenye biashara ndogo mara nyingi hukumbuka bima pale ambapo kuna mtu anayehitaji kulazwa mwezi ujao. Hofu hiyo ina msingi. Matokeo yake ni kwamba mwajiri aliyejikaza akalipa mwaka mmoja, na mfanyakazi wake mmoja akafanyiwa upasuaji, hupata barua ya kuhuisha bima yenye bei ambayo hawezi kuigusa, na anarudi kwenye daftari la advansi akiwa ameapa kutorudi tena.

Linalowashinda wengi hasa ni wakati wa kulipa, kuliko hata ukubwa wa bei. Tuchukue, kwa ajili ya hesabu tu, shilingi 30,000 kwa kila fundi kwa mwaka. Ukiigawa kwa miezi ni 2,500 kwa mtu, au 20,000 kwa karakana nzima, fedha ambayo mwezi mzuri inapatikana. Lakini Sheria ya Bima hairuhusu kampuni kubeba hatari kabla haijapokea malipo, na kwa sababu hiyo kwa kawaida fedha ya mwaka mzima hudaiwa mwanzoni, ijapokuwa zipo kampuni zinazokubali awamu chache. Wanane hao ni 240,000 kwa mkupuo, fedha inayozidi mishahara ya mwezi mzima, na inadaiwa kwa mtu ambaye mjenzi aliyemtengenezea madirisha Machi huenda akamlipa Juni, na ambaye akiwa ameuzia serikali ya kaunti hathubutu kutaja mwezi wa kulipwa. Benki zipo zinazokopesha fedha za bima na kulipwa kwa awamu, lakini huja na riba, hutaka taarifa za akaunti za miezi kadhaa, na karakana ambayo nusu ya mauzo yake huingia kwa M-Pesa ya mwenyewe haina karatasi za kuwaridhisha.

Kodi nayo inaongeza pengo ambalo watu wachache huliona. Kampuni kubwa inayowakatia wafanyakazi bima huihesabu kama gharama ya biashara, na kwa kuwa kodi ya faida ya makampuni ni asilimia 30, karibu theluthi moja ya bima hiyo hurudi kupitia kodi ambayo haikulipwa. Biashara ndogo yenye mauzo kati ya shilingi milioni 1 na milioni 25 kwa mwaka hulipa kodi ya mauzo ya asilimia 3, ambayo hutozwa kwenye mauzo ghafi bila kuruhusu gharama yoyote kuondolewa. Akate bima asikate, kodi yake ni ileile. Anaweza kuomba kujiondoa katika mfumo huo na kutozwa kodi ya kawaida, lakini itambidi aweke vitabu kamili na kumlipa mtu kama mimi zaidi ya anavyonilipa sasa, na mimi mwenyewe nimewashauri wateja kadhaa wasifanye hivyo. Serikali inayotaka kila Mkenya awe na bima imemwekea motisha mwajiri ambaye hakuihitaji sana.

Kuna pia upande wa wafanyakazi, ambao hausemwi kwa sauti. Fundi anayepanga chumba Kayole na kulipa karo ya watoto wawili, ukimwambia achague kati ya kadi na nyongeza ya 2,500 kwa mwezi, atachagua fedha, na simlaumu. Vibarua wa siku ndio huachwa nje kabisa, ingawa kifungu cha 37 cha sheria ileile ya ajira humgeuza kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa mwezi kuwa mwajiriwa wa mwezi, awe na barua asiwe nayo.

Maoni yangu ni kwamba tuache kumhubiria mwajiri mmojammoja na tuuze bima kwa vyama vyao. Sheria ya Biashara Ndogo na Ndogo Zaidi ya 2012 ilianzisha mamlaka yenye kazi ya kusajili vyama hivyo, na katika maeneo kama Kamukunji mafundi wamekuwa na chama chao kwa miaka mingi, kikishughulika zaidi na mabanda na ardhi. Karakana 50 za watu wanane ni watu 400, na hiyo ni idadi ambayo kampuni yoyote ya bima itakaa mezani kuizungumzia. Waanze na gharama za kulazwa peke yake, kwa kuwa 1,200 za dawa haziui biashara; dipositi ndiyo inayoiua. Hofu ya kampuni ya kuletewa wagonjwa peke yao itatuliwe kwa sharti moja lisilo na msamaha: anayejiunga huingiza wafanyakazi wote walio katika orodha aliyoipeleka SHA, wala haruhusiwi kuchagua majina.

Najua pingamizi litakaloletwa, kwa kuwa kila mtu mjini hapa ana kisa cha mweka hazina aliyetoweka na fedha za chama. Basi fedha zisipitie kwake. Kila karakana ilipe kwa simu moja kwa moja kwenye akaunti ya kampuni ya bima, tarehe ileile 9 inayolipia SHA, na chama kishike akiba ya mwezi mmoja tu kwa ajili ya wanaochelewa, iwe katika akaunti isiyotolewa fedha bila sahihi ya kampuni hiyo. Karakana itakayokosa mwezi mmoja ifunikwe na akiba mara moja. Ikikosa wa pili mfululizo itolewe, na wafanyakazi wake waarifiwe kwa ujumbe wa simu siku hiyohiyo, wasije wakaambiwa habari hiyo na karani wa mapokezi.