Uzito wa Mwendeshaji

Pikipiki yangu ni Honda kubwa ya safari, cc 1100, ya mwaka 1996, ina maboksi pembeni na kioo kipana mbele. Kwa mbali inafanana na zile zinazotangulia misafara ya wakubwa, kiasi kwamba bodaboda wa Tabata hapa Dar wakiiona nyuma yao wananipisha, na wasio na kofia ngumu wanakata kona kuingia uchochoroni. Kwa miezi kadhaa hiyo ndiyo raha pekee niliyoipata kwayo, maana shokapu za mbele zilikuwa zimechoka. Nikishika breki, pua inapiga magoti kama bi harusi anayesalimia wakwe. Nikipanda tuta, ngo! Chuma kwa chuma, mlio unaishia kwenye mabega.

Fundi wangu wa Gerezani alibonyeza usukani mara mbili, akainamisha sikio kama daktari, akasema, "Bosi, tumwage mafuta, tuweke mapya, tubadilishe na sili. Elfu 45. Jioni unachukua."

Kosa lake lilikuwa kutaja bei ndogo. Mimi nimepanga kwenda Iringa, kilomita karibu 500, nivuke matuta ya Mikumi, nipande Kitonga, halafu mtu aniambie shida yangu ni ya elfu 45? Niliona nimedharauliwa. Usiku huohuo nikaingia kwenye simu na kuagiza springi ngumu kutoka Ulaya. Kufika mkononi, na ushuru, laki 6 na kidogo.

Sasa, wale wauzaji wana fomu. Wanauliza pikipiki gani, ya mwaka gani, na uzito wa mwendeshaji, ili wakuchagulie springi ya kukufaa. Nikachukua karatasi nikapiga hesabu kiutu uzima: mimi 72, mama watoto 81, maboksi 30, kiroba cha mchele 25 (hatuwezi kwenda ugenini mikono mitupu). Jumla 208. Nikaandika 208. Kesho yake wakaniandikia kwa heshima zote, wakitaka kuhakikisha kwamba mwendeshaji ana kilo 208. Nikawajibu ndiyo. Ile karatasi nikaiacha juu ya friji. Naomba muikumbuke.

Springi zilipofika nikasema sipeleki kwa fundi, nafanya mwenyewe hapahapa uani. Jumamosi asubuhi nikaweka jeki chini ya injini, nikaegemeza kreti mbili za soda, nikatoa tairi. Wapangaji wakatoka na viti. Mzee wa chumba cha mwisho akatoka na redio.

Vifaa nilikuwa navyo vyote. Mafuta ya shokapu hayajazwi kwa kukadiria. Unatoa springi, unasukuma shokapu mpaka chini, halafu unapima kwa rula kutoka mdomo wa bomba hadi yalipo mafuta. Kwangu ilitakiwa iwe milimita 140, na yakizidi unayanyonya. Kwa hiyo nilikuwa nimeenda duka la dawa kununua bomba la sindano kubwa kuliko yote na mrija wa dripu. Dada wa dukani akauliza mgonjwa ana umri gani. Nikamwambia amezaliwa 1996, anasumbuliwa na magoti. Akanipa pole.

Kitu cha kupimia mililita sikuwa nacho, nikaazima chupa ya maziwa ya mtoto. Niliazima kimoyomoyo.

Maelekezo yalisema wazi: springi imekaa ndani imebanwa, kwa hiyo ukifikia nyuzi za mwisho za kifuniko cha shokapu, kikandamize kwa kiganja huku unafungua taratibu. Nilisoma. Nilisoma mara mbili. Nimekandamiza, nafungua, nahesabu nyuzi, zimebaki mbili, mara nasikia kutoka ndani:

"Baba watoto! Chupa ya mtoto iko wapi?"

Nikageuka. Kiganja nacho kikageuka pamoja nami.

Nilisikia *tuk*, halafu *paa* kwenye bati la mama lishe wa jirani, halafu kimya, halafu *chubwi*. Matone ya mafuta yakaja baadaye, kama rasharasha. Mzee akapunguza sauti ya redio. Mama lishe akatokeza kichwa juu ya ukuta akiwa ameshika mwiko, na juu ya mwiko kuna kifuniko cha shokapu kinachuruzika nazi.

"Shemeji, hii ni ya kwako?"

Nililipia sufuria zima la maharage, elfu 35. Wapangaji wote wakala mchana kwa hisani yangu, ila wa karibu na dirisha walisema yana ladha ya gereji.

Yale mafuta ya zamani yalitoka ya kijivu, mazito, yananuka kama mchuzi wa papa uliolala siku tatu. Hapo mtu mwenye akili angesimama akamkumbuka fundi. Mimi nikaendelea. Mpaka magharibi springi mpya zimeingia, mafuta mapya yapo, tairi limerudi. Nikafunga uzi kwenye bomba la shokapu kupima inazama kiasi gani nikiikalia. Inatakiwa izame kama theluthi ya mwendo wake wote, milimita 40 na ushee. Nikakaa. Nikashuka kupima.

Milimita 9.

Jumapili nikatoka nayo. Tuta la kwanza lilining'oa simu mfukoni, la pili likanining'oa mimi kwenye siti. Kwenye viraka vya Barabara ya Mandela niliona malori mawili mawili ilhali lilikuwepo moja. Nilifika Gerezani ninaongea kama mtu anayetetemeka kwa homa.

Fundi akabonyeza usukani. Haukushuka. Akaukalia kwa tumbo. Akacheka mpaka akakaa chini kwenye ndoo.

"Bosi, umeandika kilo ngapi?"

Nikamwambia.

"Mke na maboksi na mchele vinakaa wapi? Nyuma! Vinakandamiza tairi la nyuma. Huku mbele ungeandika 72 zako basi." Akajifuta machozi. "Mafuta umeshabadilisha, shida imeisha. Lete springi za zamani, nitakatia kipande cha bomba la maji tuzibane kidogo juu. Bomba elfu 2."

Zile za Ulaya akazitoa palepale, nikazitia kwenye mfuko wa mgongoni, pikipiki nikamwachia, nikarudi nyumbani mbio. Springi nilikuwa nimezilaza barazani juu ya gazeti. Gazeti lipo. Mama watoto amekaa pembeni yake, ametulia sana, na mkononi ana karatasi. Ile ya juu ya friji.

"Mimi, 72," akasoma. "Mama watoto, 81. Maboksi, 30. Mchele, 25." Akaikunja vizuri. "Kwa hiyo mimi nimepangwa katikati ya maboksi na mchele."

"Mke wangu, ile ilikuwa hesabu ya..."

"Vyuma vyako nimemuuzia kijana wa chuma chakavu. Alikuja na mizani. Si unapenda mambo ya kilo?" Akanikabidhi shilingi 1,200. "Na chupa ya mtoto ununue mpya."

Nikampata yule kijana Vingunguti, kwa bosi wake, springi zangu zikiwa juu ya lundo kati ya feni na mlango wa friji. Bosi akanitazama nilivyozikimbilia, akajua bei papo hapo.

"Elfu 30."

"Mmezinunua elfu 1 na mia 2!"

"Kaka, huko mlikuwa mnauza. Hapa unanunua."

Nikalipa. Nilipoinama kuzichukua, akaona mfuko wangu wa mgongoni, ncha za springi za Ulaya zimechomoza, bado zinang'aa.

"Na hizo?" akasema, akisogeza mizani. "Hizo zinaonekana nzito."