Kabla ya kumnunulia zawadi mwenye mbwa, uliza kilo

Desemba ikikaribia, maduka hujaa vikombe vyenye picha za mbwa, fulana zenye nyayo za mbwa na soksi zenye mifupa. Mtu anayempenda mbwa wake kwa dhati huvipokea kwa adabu, kisha huviweka kabatini. Huyu ni mtu anayepika sufuria mbili kila jioni, ya watoto na ya mbwa. Anajua choo cha jana kilikuwa kigumu au laini. Ukitaka kumgusa moyo, zawadi yako imfae yule mnyama kwanza: uzito wake, kifua chake, meno yake, umri wake. Ndiyo maana nasema swali la kwanza lisiwe bei. Uliza mbwa ana kilo ngapi.

Kilo huandikwa mara nyingi kwenye kadi ya chanjo. Kama hazipo, mwenye mbwa apande mizani ya bafuni akiwa amembeba, kisha apande peke yake, na tofauti ndiyo uzito. Mbwa mkubwa asiyebebeka apelekwe kwa daktari wa mifugo, wengi wana mizani ya sakafuni. Usikisie kwa macho. Manyoya ya Japanese Spitz yanaweza kukudanganya kilo mbili tatu, na kwa mbwa mdogo hizo ni nyingi.

Na kilo hizo ni za nini? Kwanza kabisa, ni za dawa ya kupe. Najua haifungiki vizuri kwenye karatasi ya maua. Hata hivyo, kwa Nairobi, Mombasa, Dar es Salaam au Mwanza, sioni zawadi inayoipita. Kupe wa kahawia wa mbwa, Rhipicephalus sanguineus, anaweza kumaliza maisha yake yote ndani ya banda na nyumba bila kuhitaji porini. Hunyonya, huanguka, hujibanza kwenye ufa wa ukuta, hujivua gamba, kisha humrudia mbwa. Hunyonya na kuanguka hivyo akiwa kiluilui, akiwa mchanga, na tena akiwa mzima. Jike aliyeshiba hutaga mayai kwa maelfu katika ufa huohuo. Kwa hiyo kupe watano unaowaona sikioni ni sehemu ndogo tu ya waliomo nyumbani. Kupe huyu ndiye anayeeneza Ehrlichia na Babesia, vijidudu vya magonjwa ambayo watu wengi huyaita kwa pamoja homa ya kupe: mbwa anakataa chakula, fizi zinapauka, anatokwa damu puani, au mkojo unageuka rangi ya chai ya rangi. Mwenye mbwa aliyewahi kuyapitia hayo atakuelewa ukimpa kidonge.

Kati ya dawa za kupe za kumeza, vidonge vya fluralaner hufanya kazi kwa wiki 12 na vya afoxolaner kwa mwezi mmoja. Kila pakiti ina kiwango chake cha uzito: ya fluralaner ya mbwa wa kilo 20 hadi 40 haimfai wa kilo 18, wala wa kilo 43. Mbwa akiwa mpakani, apimwe upya siku ya kumpa. Kidonge cha fluralaner kiende na chakula, kwa sababu tumboni pasipo na chakula hakifyonzwi vizuri. Kosa ninaloliona likirudiwa ni kununua kidonge kikubwa kimoja na kukikata vipande vya mbwa watatu. Hakuna uhakika kwamba dawa imegawanyika sawa, na mmoja wao atabaki na kiasi kisichoua kupe. Kama mbwa ana historia ya kifafa au degedege, usinunue kabla daktari hajasema. Kosa jingine baya zaidi ni dawa ya josho la ng'ombe kupimwa kwa kifuniko cha chupa na kumwagiwa mbwa. Na kama nyumba ina paka, dawa yoyote ya kumpaka mbwa yenye permethrin isiingie humo. Paka hawezi kuivunja mwilini, na inaweza kumuua.

Kuna nyongeza ya zawadi hii ambayo watu hawaifikirii: fundi wa nusu siku na ndoo ya saruji. Nyufa za banda zikizibwa, kupe hawana pa kutagia. Nunua pia kile kiulabu kidogo cha plastiki cha kung'olea kupe. Hushikwa karibu na ngozi na kuvutwa taratibu. Wanaompaka kupe mafuta ya taa au kumchoma na kiberiti humfanya atapike vilivyomo tumboni mwake ndani ya jeraha, na hivyo ndivyo vyenye ugonjwa.

Zawadi ya pili ninayoipigia debe ni kitanda cha kuinuliwa. Kwenye sakafu ya saruji mbwa mzito huota sugu za viwiko, na wakati wa baridi ya Julai, Limuru au Arusha, saruji humnyonya joto usiku kucha. Magodoro ya sponji ya madukani hufyonza mkojo, hayakauki, na mbwa mchanga huyageuza vipande kwa siku moja. Mpelekee fundi wa kuchomelea vipimo hivi. Mpime mbwa akiwa amelala ubavu, toka puani hadi shina la mkia, ongeza sentimita 20 hadi 25. Kwa German Shepherd wa kawaida utapata kama sentimita 110 kwa 70. Fremu iwe ya bomba za mraba za inchi moja, miguu ya sentimita 15 hadi 20. Ncha zote za bomba zifungwe kwa kuchomelewa, kwa sababu bomba lililo wazi huwa nyumba ya kupe na sisimizi. Rangi ya kuzuia kutu ikauke wiki nzima kabla mbwa hajalala, maana atalamba.

Juu yake pakae turubai zito la lori, lililotobolewa na kutiwa pete za chuma kila sentimita 10, na kufungwa kwa kamba ya nailoni chini ya fremu. Chini ndiyo penyewe. Ukingo wa turubai ukibaki juu, mbwa ataanza kutafuna hapo. Turubai litalegea baada ya mwezi, basi kamba ikazwe tena. Najua wapo watakaoshawishika na kamba ya katani au ukindu, kama kitanda cha kamba cha Pwani. Kinapendeza mno, nami ningekitaka sebuleni kwangu. Kwa mbwa, hapana: kila msokoto wa kamba ni maficho ya kupe. Turubai unalipiga sabuni na maji, linakauka saa moja juani.

Hapo hapo nitaje jambo la adabu. Pwani zipo nyumba za Waislamu wanaofuga mbwa wa ulinzi na kuwatunza vizuri sana, lakini mate ya mbwa ni najisi kwao na chombo alicholamba huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Zawadi ya nyumba kama hiyo iwe ya banda na uani: bakuli zito la chuma lisilopata kutu, taulo na brashi zenye ndoano zao nje. Usimletee mtu godoro la kumwingiza mbwa sebuleni.

Chakula. Wengi hununua gunia la kilo 20 kwa sababu linaonekana zawadi kubwa. Mbwa wa kilo 25 hula takriban gramu 330 za chakula kikavu kwa siku, kwa hiyo gunia hilo linachukua miezi miwili, na kwenye unyevu wa Tanga au Malindi mafuta yake yataanza kuchacha kabla halijaisha. Nunua la kilo 10, litakalokwisha mwezi mmoja, na kwa pesa iliyobaki nunua pipa lenye mfuniko unaobana. Chakula kikae ndani ya mfuko wake, na mfuko ndani ya pipa. Hivyo tarehe na namba ya toleo hazipotei, na plastiki ya pipa hainyonyi mafuta ambayo yangechacha na kuharibu gunia linalofuata.

Mwenye mbwa anayepika ugali na omena ana hatari nyingine, na juu ya hii sina simile: sumukuvu. Mwaka 2004 mahindi yenye kuvu yaliua watu 125 nchini Kenya, wengi wao Makueni na Kitui. Mahindi yaliyooza ambayo binadamu anayakataa, bado kuna wanaosema "hayo ni ya mbwa". Ini la mbwa halina kinga ya ziada, na kuchemsha hakuiondoi sumu hiyo. Basi unga mzuri wa dona au sembe, uleule unaoliwa mezani, ni zawadi ya maana kwake. Ongezea nusu kilo ya dagaa wa Mwanza wasio na chumvi: wapepete mchanga, wakaushe kwenye kikaango bila mafuta, wapoe, watie kwenye chupa. Hao ni vitafunwa vya mafunzo vitakavyotosha wiki kadhaa, ilimradi vitafunwa vyote kwa siku visizidi sehemu moja ya kumi ya chakula chake.

Ukimletea nyama ya machinjioni, mapafu na maini yachemshwe hadi yaive kabisa. Ndani yake huweza kuwa na vifuko vya minyoo ya Echinococcus. Mbwa akivila vibichi, minyoo hukomaa tumboni mwake, na mayai hutoka na choo hadi mikononi mwa watoto. Turkana inajulikana duniani kwa ugonjwa huo. Dawa ya minyoo yenye praziquantel, ya kilo zilezile ulizouliza, yaweza kwenda pamoja na kifurushi.

Vitu vya kuchezea nitavipitia haraka. Bonyeza kwa ukucha wa kidole gumba: kama hauachi alama, ni kigumu kuliko jino la mbwa, nalo ndilo litakalovunjika. Kwato na pembe zinaangukia hapo. Mpira usiopita kwenye koo lake ndio salama, na mpira wa tenisi ukitafunwa kila siku husaga meno kama msasa. Kamba zilizosokotwa zina nyuzi, na uzi mrefu tumboni hukunja utumbo hadi ukatike, kazi ya daktari wa upasuaji. Bora mpira mgumu wenye tundu: jaza ugali uliopondwa na mchuzi wa omena, ugandishe usiku mmoja, na mbwa atashughulika hapo nusu saa nzima bila kuchimba bustani.

Kibati cha shingoni ni kidogo na hugharimu pesa kidogo, lakini usiku wa fataki za Diwali au mwaka mpya kinaweza kuwa ndicho kinachomrudisha mbwa nyumbani. Mwendee fundi wa mihuri, mwambie achonge namba mbili za simu, si moja, kwenye shaba au chuma kisichopata kutu. Maandishi ya kupakwa hufutika. Mkanda wa shingo uwe bapa, uache nafasi ya vidole viwili, na usiwe mnyororo wa kukaza. Mbwa akiruka ukuta na mnyororo huo ukanasa, atajinyonga. Kwa anayevuta sana kamba, nunua mkanda wa kifuani, na mzunguko upime nyuma tu ya miguu ya mbele.

Ukilipia chanjo ya kichaa cha mbwa, ni zawadi pia. Mtoto wa mbwa huanza akiwa na miezi mitatu. Ukiwa na uwezo, lipia na ya mbwa wa jirani asiyejiweza, kwani ugonjwa huu hukatika mtaani pale mbwa wapatao asilimia 70 wanapochanjwa.

Sasa, vitu ambavyo ningeomba visitolewe. Mtoto wa mbwa wa kushtukiza, hata kwa mtu anayewapenda. Godoro au bakuli la mbwa aliyekufa bila sababu kujulikana, kwa sababu virusi vya parvo, vinavyoharisha na kuua mbwa, hudumu kwa miezi mingi. Bakuli laweza kuokolewa kwa kuliosha na sabuni kwanza, kisha kuliloweka dakika 10 kwenye Jik kipimo kimoja kwa maji vipimo 30, lakini godoro lichomwe. Kapu la Krismasi lenye chokoleti, zabibu kavu, makadamia au siagi ya karanga iliyotiwa xylitol, kile kitamu kinachowekwa badala ya sukari. Na mimea ya chungu: ule mti wa bustani wenye maua ya zambarau yanayopauka hadi meupe, Brunfelsia, huleta degedege kwa mbwa anayekula mbegu zake, na mbono ni hatari vilevile.

Kama mfuko hauruhusu chochote, toa siku zako. Watu wanapofunga safari ya ushago au mkoani, mbwa hubaki na mlinzi asiyejua lolote. Jitolee wiki moja. Nenda siku mbili kabla, mlishe mbwa mbele ya mwenyewe, mtembee naye njia yake ya kawaida. Andika kwenye karatasi moja: chakula ni makopo mangapi na saa ngapi, dawa zipi, namba ya daktari na pesa ya dharura iko wapi, geti lipi halifungi vizuri, nani amewahi kung'atwa na mbwa huyo. Siku tatu za mwanzo usimfungue kamba nje ya geti, hata kama ni mtulivu. Mbwa akimkosa mwenyewe huenda kumtafuta.

Na kwa mwenye mbwa mzee, angalia sakafu kabla ya kununua lolote. Vigae vinateleza, na nyonga zilizochoka haziinuki. Vipande vitatu vya zulia lenye mpira chini, upana wa sentimita 60, vipangwe kutoka anapolala hadi kwenye maji na hadi mlangoni, bila kuacha pengo linalozidi hatua yake moja.