Wote Nimewaandika Humu

Shangazi yangu alikuwa fundi cherehani, na katika mji wetu mdogo hakukuwa na kiuno ambacho utepe wake haujakizunguka. Kila akimaliza kumpima mtu, alilifunga daftari lake jeusi, akaligonga kwa kidole: "Wote nimewaandika humu."

Sisi wa ukoo tukaelewa tulivyotaka. Mama yule alikuwa na busara, basi tukaamini daftari ni kumbukumbu za maisha yake, pengine na maneno ya kutuaga. Alipofariki ikapangwa siku ya kumkumbuka, nami nikapewa kazi ya kusoma kurasa mbili tatu. Nilichaguliwa kwa sababu nina sauti. Akili hawakuulizia.

Binti yake alinisihi nilipitie kwanza. Nikakataa. Nilitaka kulifungua mbele za watu, machozi yatoke mabichi.

Yalitoka.

Ukumbi ulijaa hadi madirishani. Nikakohoa kidogo, nikafungua popote, nikaanza kwa ile sauti ya msibani inayopitia puani: "Mke wa mwenyekiti. Kiuno anasema 34. Ni 41. Nimekata 42, nimemjibu 34."

Hapo mtu mzima angefunga daftari. Mimi nikadhani ni fumbo. Nikajiambia huenda 34 ni umri aliopatwa na majaribu, na 41 ni umri alioyashinda. Nikatua, nikawatazama watu kwa huzuni, nikaendelea.

"Mwalimu mkuu. Tumbo limetangulia. Shati lirefushwe mbele, lisimpande akikaa. Akiuliza, aambiwe ndio mtindo."

Mtu akapiga chafya ambayo haikuwa chafya. Baba yangu, mwenye dada yake, alikuwa ananipungia mkono kama anayefukuza kuku. Nikaona ananitia moyo.

"Bwana harusi wa Jumamosi. Mguu wa kushoto mfupi. Pindo lipande nusu inchi. Bibi harusi asijue."

Bibi harusi mwenyewe, sasa mama wa watoto wanne, alikuwa safu ya tatu. Akainama taratibu, akatazama viatu vya mumewe.

Ndipo nikaelewa ninasoma nini. Mate yakakauka. Ukumbi mzima ulikuwa kimya, kila mmoja amevuta tumbo ndani.

Aliyetuokoa ni mke wa mwenyekiti. Alianza kucheka kwa mabega, kisha kwa mwili wote, hata kiti kikalalamika. "Kumbe! Miaka yote hii najisifu sinenepi!" Basi ukumbi ukapasuka kwa kicheko. Waliokuwa wamejificha nyuma ya wenzao sasa wanasimama, wanapiga kelele: "Soma na mimi! Mimi kaniandikaje?" Mwalimu mkuu akasimama kuonyesha shati lenyewe, mbele na nyuma, akapigiwa makofi.

Binti yake shangazi akapanda jukwaani, akanipokonya daftari. Nilidhani anakuja kufunga shughuli. Akalamba kidole, akapekua, akasoma kwa sauti iliyonizidi:

"Mtoto wa kaka. Bega la kushoto limeanguka. Pamba tabaka tatu. Asiambiwe, anajiona."

Siku hiyo nilikuwa nimevaa koti hilohilo. Mkono ukapanda begani wenyewe, mbele ya mji mzima, nikabonyeza. Pamba ilikuwepo. Nikabonyeza na la kulia. Halikuwa na kitu.