Filamu nzuri, kielelezo dhaifu

Dokumentari ya vita ikioneshwa hapa Dar, taa zikiwashwa hakosi mtu wa kuuliza: ushahidi si huu hapa, mnangoja nini kuwafunga wahusika? Hasira yake naielewa. Lakini dokumentari iliyokwisha kuhaririwa ni kielelezo dhaifu mahakamani, na mahakama ina haki ya kuitilia shaka.

Aliyewahi kukaa kwenye kibanda cha video Manzese ananielewa. Mtafsiri anayesimulia filamu ya kigeni kwa Kiswahili akiamua jambazi ndiye mtu mwema, kibanda kizima kitamshangilia jambazi. Muziki na msimuliaji wa dokumentari hufanya kazi ileile, ila kwa ustaarabu zaidi.

Waendesha mashtaka wa Nuremberg, kwenye kesi ya viongozi wa Kinazi, walilijua hilo. Filamu ya kambi za mateso za Wanazi waliyoionesha tarehe 29 Novemba 1945 ilitanguliwa na viapo kwamba picha hazikubadilishwa. Karibu zaidi na kwetu ni Arusha, kwenye iliyokuwa mahakama ya mauaji ya kimbari ya Rwanda. Aprili 1994, Mwingereza Nick Hughes alirekodi watu wakiuawa barabarani Kigali, yeye akiwa juu ya jengo la shule. Ni picha za mbali, wala hazikupambwa. Katika kesi ya Georges Rutaganda, mmoja wa viongozi wa wanamgambo wa Interahamwe, Hughes alipanda kizimbani mwenyewe kueleza alichokiona. Hapo upande wa utetezi una mtu wa kumhoji. Kinanda utakihoji vipi?

Kwa hiyo linaloniudhi ni tabia yetu sisi watengenezaji: kazi ikishakabidhiwa, diski imejaa, picha ghafi zinafutwa. Unarekodi wakimbizi wa Kongo kule kambi ya Nyarugusu saa nzima, unabaki na dakika mbili zenye violini! Faili la awali, lenye tarehe na saa yake, ndilo mali. Litunze, andika nani alilishika na lini. Sheria yetu ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 nayo hutazama jinsi faili lilivyotunzwa. Na usitegemee nakala ya YouTube. Mwaka 2017 mtandao huo ulifuta video nyingi za vita vya Syria.

Pagumu ni kwa yule mama uliyemwahidi kuficha sura yake. Kwenye filamu umemtia ukungu, kwenye picha ghafi yuko wazi. Muulize kabla ya kuwasha kamera, maswali mawili tofauti: unakubali kuonekana kwenye filamu? Na mahakama ikizitaka picha hizi, nizitoe? Akikataa la pili, heshimu, hata kama mshtakiwa atanufaika.