Pikapu ya Laki Saba na Daftari la Mwalimu

Mwalimu mmoja mstaafu wa Njoro, Kenya, alinitajia bei ya pikapu yake, Peugeot 504 ya mwaka 1983, na jirani yake aliyekuwa ameegemea ua akacheka hadi akakohoa. "Laki saba, Mwalimu? Si hiyo ni Probox na pesa ya mafuta inabaki?" Mwalimu hakumjibu. Aliingia ndani, akarudi na daftari la shule, lile lenye jedwali la kuzidisha mgongoni, akalifungua juu ya boneti.

Kicheko kile nimekisikia mara nyingi. Anayeuza pikapu ya zamani iliyofufuliwa huonekana ama tapeli ama mzee aliyependa chuma kupita kiasi, na anayenunua huhesabiwa mjinga wa pili. Sababu za kweli za kuyaogopa magari haya zipo, na nitazifikia. Ila hesabu ya yule jirani ndiyo iliyopinda, na inarudiwa na watu ambao sokoni hawapunjwi hata shilingi.

Daftari lilianza na gofu lenyewe, lililokuwa limelala miaka nyuma ya kisiagi, 150,000. Kuchomelea sakafu na kunyoosha bodi, 120,000. Rangi, 95,000. Injini, 135,000. Gia boksi, klachi na difu, 60,000. Breki na sispensheni, 55,000. Nyaya na taa, 30,000. Viti na dari, 35,000. Matairi matano, 45,000. Vioo na raba za milango, 40,000. Chini kabisa, kwa wino mwekundu wa kusahihishia: 765,000.

Soma tena. Mzee anayeitisha laki saba anauza kwa hasara ya 65,000, na hapo jasho lake mwenyewe amelihesabu sufuri. Hakuna mstari wa miezi 14 ya kupanda matatu kwenda Nakuru akiwa na kipande cha raba mfukoni, akitafuta chenye unene huo huo. Hakuna mstari wa safari ya Nairobi, barabara ya Kirinyaga, ambayo wenye umri wake bado wanaiita Grogan, alikokaa kutwa nzima akichagua taa ya nyuma katika rundo la taa za magari yaliyokufa. Jirani alipocheka alidhani anaitishwa faida. Kumbe anauziwa hasara ambayo mwingine ameshaimeza.

Hali hii si ya Mwalimu peke yake. Kopo la rangi halijui linapakwa gari la shilingi ngapi. Bei yake ni moja kwa 504 na kwa gari la waziri. Fundi wa kuchomelea naye hulipwa kwa siku, na sakafu iliyooza humla siku nyingi kuliko mlango uliobonyea. Gharama za kufufua hufuata kazi, lakini bei ya kuuza hufuata kile mnunuzi anachodhani gari linafaa, yaani kubeba mizigo na kufika. Pengo kati ya hizo mbili humwangukia aliyefufua. Ndiyo maana nashangaa nikisikia wapenzi wa magari ya kale wakimshauri kijana, "Usinunue lililofufuliwa, tafuta gofu ulifufue mwenyewe, ndipo utalijua." Kulijua atalijua. Atalijua kwa laki saba na sitini na tano, kama hatakwama kwenye laki ya tatu, gari likiwa juu ya mawe bila milango, mke akiuliza kila Jumapili litaondoka lini uwanjani. Magofu mengi yanayouzwa ni miradi ya namna hiyo iliyomshinda mtu.

Halafu kuna suala la kushuka kwa thamani. Probox ya jirani itapoteza thamani mwaka huu, na mwakani, na mwaka utakaofuata. Hii 504 ilimaliza kushuka zamani, na zaidi ya hapo haziongezeki. Ziliunganishwa hapa hapa kwetu, Mombasa, hadi mwanzoni mwa miaka ya 2000, kisha basi. Kanuni ya kutoingiza gari kuukuu lililozidi miaka 8 inafunga mlango wa kuagiza nyingine kutoka nje. Zilizopo ndizo hizo, na kila mwaka chache hukatwa kuwa vyuma chakavu. Asikudanganye mtu, hata hivyo, kwamba itapanda bei kama ploti ya Kitengela. Soko lake ni dogo. Ukiwa na shida ya karo wiki hii, wanunuzi ni wawili na wanajuana.

Wauzaji hupenda pia kukutajia Safari Rally, yale mashindano ya magari ambayo 504 ilishinda 1975 na 1978. Ila aliyoendesha Ove Andersson ilikuwa saluni, na ya Jean-Pierre Nicolas ilikuwa kupe yenye injini ya V6. Pikapu haijashinda kitu. Usilipie sifa za ndugu zake. Sifa yake yenyewe inatosha: hubeba zaidi ya tani moja, na injini ya petroli ya cc 1,796 imejengwa ili ifunguliwe. Slivu za silinda zake, yaani mirija ambamo pistoni hupanda na kushuka, huzungukwa na maji na huchomoka. Zikilika, unazitoa na kuweka nyingine pamoja na pistoni zake, bila kupeleka bloku kwa mtu wa mashine kuitoboa upya. Niliona fundi wa Nakuru, mzee wa miaka 67, akilisikiliza gari hili likiwa linanguruma. Aliweka ncha ya bisibisi ndefu kwenye kifuniko cha vali, mpini kwenye sikio, akafumba macho. "Namba tatu imelegea," akasema. Akafungua, akakaza robo mzunguko, akasikiliza tena. Hakuna kompyuta iliyochomekwa popote. Vijana wake wawili walikuwa kando wakisubiri gari la kisasa ambalo mashine ya kupimia ilikuwa imelitolea msimbo wa hitilafu usiofahamika na yeyote pale.

Nimejipendelea, najua. Sasa upande wa pili, na nauanza na jambo ambalo sina jibu lake.

Pikapu hii haina mikoba ya hewa. Haina breki za ABS, zile zinazozuia magurudumu kujifunga. Katika ajali, usukani na dashibodi vitakupokea kama vilivyokuwa vikipokea watu miaka ya themanini. Ukitoka Njoro ukaingia barabara kuu ya Nakuru kwenda Eldoret, utapita Salgaa katikati ya trela mbili, na pale hata gari jipya linamwomba Mungu. Wanaojibu kwamba "chuma cha zamani ni kigumu" hawajui wasemalo. Gari lisilojikunja humwachia aliye ndani kishindo chote. Mtu akiniambia hawezi kupeleka watoto shule kwa 504 kila asubuhi, simbishii. Mimi pia nisingewapeleka.

Bima nayo ni kikwazo. Ile ya mtu wa tatu utaipata, lakini bima kubwa kampuni nyingi huikataa kwa gari la umri huo, na itakayokubali itadai tathmini ya thamani. Thamani gani? Mthamini anayaweka magari kwa mwaka wa kutengenezwa, kwa hiyo laki saba zako zinaweza kuandikwa laki mbili, na likiteketea ulipwe hizo hizo mbili. Pikapu tena ni gari la biashara, hivyo kila mwaka ni lazima ukaguzi wa NTSA, mamlaka ya usalama barabarani. Mkaguzi hatajali kwamba raba za milango ni za asili. Atapima breki na taa. Na soma logibuku, yaani hati ya usajili, kabla ya kusoma gari. Namba ya injini, namba ya chesisi, rangi. Aliyebadilisha injini bila kubadilisha karatasi amekuachia kesi yake.

Hoja nzito zaidi ya wapinzani, hata hivyo, ni ya rangi. Wanasema rangi mpya ni kanga mpya juu ya kidonda, kwamba huwezi kujua kilichomo chini, na kwamba gofu lenye kutu ya wazi ni la kweli kuliko gari linalong'aa. Hoja hii naiheshimu, kwa kuwa imeniuma. Nilishawahi kununua gari lililong'aa vizuri, na msimu wa kwanza wa mvua sakafu ikaniachia kisigino kikaona lami.

Ndiyo sababu kwa Mwalimu nilikwenda na sumaku ya spika kuukuu, nimeifunga ndani ya soksi ili isikwaruze. Nikaipitisha kingo za chini za milango; ikashika. Kingo za sanduku la mizigo, ikashika. Kwenye tao la gurudumu la nyuma, upande wa kushoto, ikateleza na kuanguka kwenye nyasi. Hapo pana fila, ule ugoro wa kuzibia bodi ambao sumaku haiushiki, unene wa kidole labda. Nikainuka nikijiandaa kuwa mkali.

"Ukurasa wa sita, kijana," Mwalimu akasema kabla sijafungua mdomo.

Nikafungua ukurasa wa sita. Kwa mwandiko ule wa ubaoni, herufi zimelala upande mmoja: *Fila, tao la nyuma kushoto. Fundi hakuniuliza. Nimemlipa, lakini nimemwambia.* Chini yake, tarehe. Kurasa zilizofuata zilikuwa hivyo hivyo, pamoja na picha za sakafu ikiwa imekatwa, picha za chesisi ikiwa uchi, risiti zilizopigwa pini, na pini zenyewe zimeanza kushika kutu.

Hapo ndipo ninapowaacha wapinzani. Wako sahihi kuhusu gari lisilo na daftari. Pikapu iliyopakwa rangi bila picha ya ilivyokuwa kabla, hiyo haijafufuliwa; imepambwa tu, na laki saba kwa pambo ni wizi. Lakini kwa lililoandikwa hivi, kila kovu likiwa na ukurasa wake, sioni linalochekesha. Mnunuzi wa Probox ya mtumba hapewi daftari. Hupewa kilomita zilizorudishwa nyuma, kisha anashukuru.

Ushauri wangu, basi, kwa aniulizaye: nunua iliyofufuliwa, usifufue, nunua ukiwa na gari jingine la kusafiria mbali, na uiendeshe. Hili la mwisho linaniletea ugomvi na marafiki wa Concours, yale maonyesho ya magari ya Ngong Racecourse, Nairobi, yaliyoanza 1970, ambako waamuzi hupitisha kidole chini ya gari wakitafuta vumbi. Kwao, kupakia mzigo kwenye sanduku lililopakwa rangi upya ni sawa na kufulia nguo kwenye sinia ya fedha. Nawaelewa. Mimi naona tofauti: breki zisizotumika hushika kutu, mafuta hukauka kwenye kabureta, raba hupasuka kwa kulala, na pikapu iliyofunikwa turubai miaka mitatu huhitaji fundi sawa na iliyofanya kazi miaka mitatu, tena bila kuingiza chochote.

Mimi sikuinunua, sina pa kuilaza. Aliyeinunua ni mfanyabiashara wa viazi wa Molo, mama mmoja ambaye baba yake aliwahi kuwa na kama hiyo. Alikuja na fundi wake na sumaku yake, akapiga magoti kwenye matope bila kujali leso, akatazama chesisi mwanzo hadi mwisho. Waliafikiana 680,000. Sasa hubeba magunia ishirini ya kilo hamsini, si zaidi, na sanduku amelitandika mbao ili viazi visikwaruze rangi.

Siku ya kukabidhiana aliuliza kama daftari linakwenda na gari. Mwalimu akasita. Alilishika kifuani kama anayelinyang'anywa, kisha akasema daftari ni lake, ila nakala atapata. Tukatembea wote hadi duka la stejini. Kurasa 11, shilingi kumi kila moja. Mwalimu alilipa kwa sarafu, akaomba kalamu kwa mwenye duka, akafungua ukurasa wa mwisho, na chini ya ile jumla nyekundu akaongeza: fotokopi, 110.